Kuiona Saratani ya Ngozi Kabla ya Kisu

Katika viungo vyote vya mwanadamu hapana kilicho wazi mbele ya macho kuliko ngozi, na kwa ajili hiyo ingedhaniwa kwamba maradhi yake ndiyo mepesi kutambulikana. Lakini katika mlango wa saratani mambo huwa kinyume cha dhana hiyo, kwani doa jeusi lisilo na dhara na doa jeusi litakaloua huweza kufanana kwa rangi, kwa ukubwa na kwa umbo, hata tabibu aliyezeeka katika kazi hiyo akaingiwa na shaka. Kwa muda wa zaidi ya karne moja shaka hiyo imekuwa ikiamuliwa na kisu: hukatwa kipande cha ngozi, kikatiwa dawa ili kisioze, kikagandishwa ndani ya nta, kikachanwa vitabaka vyembamba mno, kikapakwa rangi, kisha bingwa wa maabara akaketi na hadubini yake akahukumu. Njia hiyo ni ya haki, na mpaka leo haijapata mrithi. Hata hivyo ina gharama zake, nazo si haba: kovu, ambalo katika watu weusi huweza kuvimba likawa keloidi kubwa kuliko doa lenyewe lililokatwa, majuma ya kungoja jawabu, ambayo katika nchi zenye mabingwa wachache wa maabara huwa miezi, na, fauka ya hayo, kule kugundua baada ya yote kwamba madoa mengi yaliyokatwa hayakuwa na kosa lolote.

Swali ambalo matabibu na wanafizikia wamelishughulikia tangu zamani, basi, ni hili: je, nuru, sauti na hesabu za kompyuta zaweza kuingia ngozini na kutoka na habari ya yakini pasipo kumwaga damu? Maoni yangu, nitakayojaribu kuyabainisha, ni kwamba ala hizi zote hazikuja kukiondoa kisu bali kukichagulia watu wa kukatwa, na kwamba thamani ya kila moja hupimwa kwa mambo mawili ambayo wauzaji wake hawapendi kuyataja: ngozi ya nani inatazamwa, na jicho la nani linatazama.

Yafaa kwanza kukumbuka kwamba saratani za ngozi zilizo mashuhuri ni tatu. Mbili huzaliwa katika seli za kawaida za ngozi ya juu: ile iitwayo basali, ambayo hula pole pole na ni nadra kusafiri mwilini, na ile iitwayo skwamasi, ambayo huota juu ya ngozi iliyounguzwa na jua kwa miaka mingi au pembeni mwa kovu na kidonda kisichopona, nayo huweza kusafiri. Ya tatu ni melanoma, ambayo huzaliwa katika seli zitengenezazo rangi ya mwili, na ingawa ni chache kuliko hizo nyingine ndiyo kali kuliko zote. Mwaka 1970 tabibu wa Marekani aitwaye Alexander Breslow alionyesha kwamba majaliwa ya mwenye melanoma hutegemea sana unene wa uvimbe kwa milimita: ule usiofika milimita moja, ukiondolewa wote, huwaacha walio wengi wakaishi umri wao; ule uliozama milimita nne na zaidi mara nyingi huwa umekwisha kutia mguu katika njia za damu na za limfu. Ngozi ya juu katika sehemu nyingi za mwili ina unene wa kadiri ya sehemu ya kumi ya milimita tu. Kwa hiyo mapambano yote haya yanafanyika katika nafasi ya milimita chache tu, na ala yoyote ya kupiga picha lazima iulizwe maswali mawili tangu mwanzo: unaona mpaka kina gani, na katika kina hicho unaona kwa udhahiri gani? Ajabu ya fani hii ni kwamba majawabu hayo mawili hushindana daima. Kinachozidi kuona mbali hupungukiwa na kuona wazi.

Ala iliyo kongwe na rahisi kuliko zote ni dermoskopu, nayo ndiyo nitakayoikalia zaidi, kwa kuwa ndiyo iliyobadilisha kazi ya matabibu wa ngozi kuliko nyingine yoyote. Asili yake ni jambo dogo la kifizikia. Nuru inapoangukia ngozi kavu, sehemu yake kubwa hurudishwa na tabaka la juu kabisa lililokufa, ikamwingia mtazamaji machoni kabla hajaona kilicho chini, kama mvuvi anayetazama miamba ya bahari adhuhuri ilhali mng'ao wa jua juu ya mawimbi unamfunga macho. Paka mafuta, weka kioo juu yake, na mng'ao huo hutoweka; ngozi ya juu hugeuka kuwa kama pazia jepesi, na rangi na mishipa iliyo chini yake hujitokeza. Paul Gerson Unna wa Hamburg alikwisha kutumia mafuta kwa njia hiyo mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Johann Saphier wa Munich akaipa fani hiyo jina lake mnamo mwaka 1920. Leon Goldman akaiendeleza Marekani katika miaka ya 1950. Na Rona MacKie wa Glasgow, mwaka 1971, akaonyesha faida yake katika kutenga madoa mabaya na mema kabla ya kukata. Lakini walioipa kanuni za kusomeka ni watu wa Vienna, Pehamberger, Steiner na Wolff, waliotoa mwaka 1987 maelezo ya sura na michoro inayoonekana ndani ya madoa. Baadaye zikaja ala za mkononi zitumiazo nuru iliyochujwa ielekee upande mmoja, ambazo huondoa mng'ao pasipo mafuta, na ambazo leo tabibu huzichukua mfukoni au huzibandika nyuma ya simu.

Kinachosomwa humo ni rangi zilizoandikwa kwa kina. Melanini ni ile ile moja, lakini ikiwa karibu na juu huonekana nyeusi, ikishuka kwenye sakafu ya ngozi ya juu huonekana ya kahawia, na ikizama katika ngozi ya ndani, nuru ikitawanyika njiani, huonekana ya kijivu na hatimaye ya buluu. Tabibu aliyezoea huitazama buluu hiyo kwa hadhari kubwa, hasa ikifunikwa na utando mweupe. Pamoja na rangi husomwa wavu wa mistari, ambao katika doa salama huwa wa sawasawa na katika doa baya huwa mnene hapa na kukatika pale. Husomwa nukta, michirizi ya pembezoni, na maumbo ya mishipa ya damu, kwani basali hujulikana kwa mishipa minene yenye matawi kama mti, na skwamasi kwa mishipa iliyojikunja na kwa duara nyeupe zinazozunguka vinyweleo.

Ala yenyewe, hata hivyo, haioni kitu. Anayeona ni mtu. Mwaka 1995 Michael Binder na wenzake wa Vienna walitoa matokeo ambayo kila anayenunua chombo cha hospitali angepasa kuyasoma kwanza: dermoskopu iliwaongezea usahihi wale waliofunzwa kuitumia, bali wasiofunzwa iliwapunguzia hata ule waliokuwa nao kwa macho matupu. Na Harald Kittler na wenziwe, walipokusanya mwaka 2002 uchunguzi 27 uliokwisha kufanywa, wakakuta kwamba ala hiyo huongeza usahihi kwa kadiri ya asilimia 49, lakini ongezeko hilo linafuata uzoefu wa mtazamaji. Serikali au mfadhili anayegawa ala bila ya kugawa mafunzo amegawa madhara, na sioni njia ya kulisema hilo kwa upole zaidi.

Hapo ndipo inapoingia ngozi ya nani. Watu weusi huugua melanoma mara chache mno kuliko watu weupe, lakini inapowapata aghalabu huota pale ambapo rangi ni chache na jua halifiki: chini ya nyayo, katika viganja na chini ya kucha. Bob Marley aligunduliwa mwaka 1977 kuwa na melanoma chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, naye akafa nayo Mei 1981, akiwa na umri wa miaka 36. Nyayo zina sura ya pekee, kwani ngozi yake ina matuta na mifereji inayokwenda sambamba, na vitundu vya jasho hufunguka juu ya matuta. Mabingwa wa Japani, ambao kwao aina hii ni sehemu kubwa ya melanoma zote, waliongozwa na Toshiaki Saida wakagundua kanuni nzuri sana kwa wepesi wake: rangi ikifuata mifereji, kwa kawaida ni doa jema, ikifuata matuta, hofu na iingie. Mwaka 2004 walieleza kwamba alama ya rangi juu ya matuta iliwabaini kama 86 katika kila wagonjwa 100 wa melanoma ya nyayo na viganja, na miongoni mwa 100 wasio nayo ilimshuku kwa makosa kama mmoja tu.

Laiti mambo yangeishia hapo. Watu weusi wengi huwa na mabaka ya asili katika nyayo na viganja, na mabaka hayo huweza kukalia matuta vile vile pasipo ugonjwa wowote. Damu iliyovilia chini ya ngozi ngumu kwa kucheza mpira huweza kufanya hivyo pia. Na kuna jambo ambalo mtu wa Lamu au Unguja atalielewa upesi kuliko profesa wa ng'ambo: parafenilenediamini, kemikali inayotiwa katika dawa nyeusi za nywele na ndiyo inayoipa piko, rangi ya kujipamba maharusi, weusi wake, inajulikana kuacha rangi juu ya matuta ya kiganja kwa namna inayoiga melanoma. Tabibu asiyeuliza habari za harusi huenda akampeleka bibi harusi kwenye kisu. Kanuni ya Saida si batili kwa hayo, lakini yataka kusomwa na mtu anayezijua nyayo za watu wake, na mila zao pia.

Baada ya dermoskopu inakuja hadubini ya konfokali, ambayo kwa uzuri wa akili iliyomo ndani yake haina kifani. Marvin Minsky aliomba haki ya uvumbuzi wake mwaka 1957, akiwa kijana aliyetaka kutazama mishipa ya fahamu: alitia kitundu kidogo mbele ya kipokezi cha nuru ili mwali utokao katika kina kimoja tu upite na mingine yote izuiwe, hata picha ikawa ya tabaka moja lililokatwa kwa nuru. (Ni yule yule Minsky aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa akili mnemba, uvumbuzi wake na elimu yake hiyo ya pili vimekutana tena katika ngozi ya mgonjwa, jambo ambalo sidhani alilitazamia.) Mwaka 1995 Milind Rajadhyaksha na wenzake wa Boston wakaitumia juu ya ngozi ya mtu aliye hai, kwa leza, wakakuta kwamba melanini, ambayo kwa macho ni nyeusi, humo hung'aa nyeupe, kwa kuwa huipinda na kuirudisha nuru kuliko vitu vinavyoizunguka. Seli moja moja huonekana. Seli za melanoma, kubwa na zenye umbo la ovyo, huonekana zikipanda kwenye tabaka za juu ambako hazina haki ya kuwapo.

Faida yake imepimwa. Katika mapitio makubwa ya tafiti ya shirika la Cochrane yaliyotoka mwaka 2018, wataalamu walizilinganisha ala hizi mbili kwa kuzitaka zote ziwakamate wagonjwa 90 katika kila 100 wenye melanoma, kisha wakauliza ni wangapi wasio nayo watakaoachiliwa salama: konfokali iliwaachilia kama 82 katika 100, dermoskopu kama 42. Maana yake ni watu 40 katika kila 100 walioponea kisu wasichokihitaji, na katika uso wa mzee, ambako melanoma hutambaa pembeni mwa pua na jicho kwa ubapa, kovu lililoepukwa si jambo dogo. Lakini itazame mipaka yake. Mwali wake hauzidi robo ya milimita, na juu ya nyayo tabaka gumu la ngozi peke yake huweza kuzidi unene huo. Kwa hiyo ala hii hushindwa pale hasa ambapo melanoma ya mtu mweusi hupenda kukaa. Bei yake ni ya makumi ya maelfu ya dola, ilhali dermoskopu hupatikana kwa mamia. Na picha zake hukatwa kwa ulalo, tofauti na vipande vya wima alivyozoea bingwa wa maabara, basi mtu huhitaji kujifunza kusoma upya.

Ala nyingine nitazipitia kwa haraka. Tomografia ya nuru, iliyoelezwa mara ya kwanza mwaka 1991 na David Huang, James Fujimoto na wenzao huko Massachusetts kwa ajili ya jicho, hufanya kwa nuru kile ambacho ultrasaundi hufanya kwa sauti, na hufika milimita moja hadi mbili. Huipima basali vizuri, bali seli haizioni sawasawa. Wafaransa, wakiongozwa na Arnaud Dubois, wameiunganisha na wazo la konfokali wakapata ala inayoona karibu kama hadubini mpaka nusu ya milimita, nayo kwa maoni yangu ndiyo yenye kutumainiwa zaidi miongoni mwa ala kubwa. Ultrasaundi yenyewe ingependeza, madhali hospitali nyingi za wilaya zinayo, lakini ile inayomtazama mtoto tumboni hutumia mawimbi ya megahezi chache tu. Ngozi yataka 20 na kuendelea, na hata hapo hueleza unene wa uvimbe pasipo kueleza jina lake. Kuna pia vyumba vya picha vinavyompiga mtu mwili mzima kwa kamera 92 kwa mpigo mmoja, ili madoa ya mwaka huu yalinganishwe na ya mwaka jana. Hilo linafaa sana Australia, ambako jua kali limekutana na watu weupe na mtu mmoja huweza kuwa na madoa mia na zaidi. Huku kwetu sioni kazi yake.

Kisa cha mashine iitwayo MelaFind kinastahili kusimuliwa kwa kirefu kidogo, kwani kina ibra kwa wote wanaoshangilia tarakimu moja na kuisahau ya pili. Ilitazama doa kwa miali kumi ya rangi mbalimbali, tangu buluu hadi ile isiyoonekana kwa macho, ikakokotoa, ikatoa hukumu. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliikubali Novemba 2011, kwa kuwa ilizikamata melanoma kama 98 katika 100. Lakini katika madoa yasiyo melanoma iliyaachilia kama 10 tu katika kila 100. Mengine yote iliyapeleka kwenye kisu, na mashine inayoshuku karibu kila kitu haimwongezei tabibu elimu. Baada ya miaka michache ikatoweka sokoni.

Mwaka 2017 wataalamu wa Stanford, akiwamo Andre Esteva, walitangaza kwamba kompyuta iliyofunzwa kwa picha 129,450 iliweza kutenga saratani za ngozi sawa na matabibu 21 waliopimwa nayo, na tangu hapo mbio za akili mnemba hazijapumzika. Sikatai uhodari wake. Nauliza tu imefunzwa kwa ngozi ya nani, na jawabu linafahamika. Hazina mashuhuri ya picha 10,015 iliyotolewa mwaka 2018 ilikusanywa Vienna na Queensland. Kipimo cha Fitzpatrick, kinachotumika duniani kote kugawa aina za ngozi, kilipoandikwa mwaka 1975 kilikuwa kwa ajili ya watu weupe. Ngozi za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye. Mwaka huo huo wa 2018 Adewole Adamson na mwenzake walionya kwamba mashine zilizofunzwa hivyo zitawaacha watu weusi nyuma, na mwaka 2022 Roxana Daneshjou na wenzake wakalithibitisha kwa kupima mashine kadhaa juu ya picha 656 zilizochaguliwa zikiwa na ngozi za kila rangi: juu ya ngozi nyeusi ustadi ukashuka. Kompyuta haina chuki. Imesoma tu vitabu ambavyo hatumo.

Katika Afrika ya Mashariki saratani ya ngozi ina sura ya pili isiyotajwa sana katika majarida ya picha, nayo ni ile ya watu wenye ualbino, ambao Tanzania wanakadiriwa kuwa wengi kwa uwiano kuliko katika mataifa mengi. Kwao adui mkuu ni skwamasi, usoni, shingoni, masikioni na mikononi, na huanza katika ujana. Hapa mazungumzo ya konfokali hupoteza maana kwa njia mbili: melanini, ambayo ndiyo taa ya ala hiyo, haipo au ni haba, na mara nyingi kidonda kinapofikishwa hospitali ni kikubwa hata hakihitaji ala yoyote kutambulikana. Kazi ya dermoskopu kwao ni kwenye ngozi iliyokwisha kuunguzwa kotekote, yenye magamba na vidonda vidogo kwa makumi, ambako tabibu hawezi kukata kila kimoja, na lazima achague kipi cha kupakwa dawa, kipi cha kugandishwa kwa baridi na kipi cha kukatwa leo. Kituo cha mafunzo ya ngozi kilichoko katika hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992, kimewafunza matabibu wasaidizi kutoka nchi nyingi za Afrika, na huko huko hutengenezwa Kilisun, mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ukiniuliza fedha moja iende wapi kwanza, kwa mafuta hayo na kofia pana au kwa ala ya picha, sitasita.

Bali si lazima kuchagua kimoja tu. Mganga wa wilaya aliyefunzwa kwa dhati, mwenye dermoskopu nyuma ya simu, aweza kuipeleka picha ya unyayo au ya sikio kwa bingwa aliye mbali, akajibiwa siku hiyo hiyo kama mgonjwa apande gari leo au anaweza kungoja kliniki ijayo. Na kwa mkulima anayepaswa kuuza mbuzi ili apate nauli, hukumu hiyo ni kubwa kuliko jina la ugonjwa. Sharti nitakaloliweka ni kwamba kila picha iliyoishia kwenye kisu ihifadhiwe pamoja na jawabu la maabara, kwa idhini ya mgonjwa, mabaka ya asili na madoa ya piko yakiwamo, kwani mashine zitakazouzwa hapa baada ya miaka kumi zitafunzwa kwa picha zitakazokuwapo wakati huo, na nyayo nyeusi zilizomo katika hazina za leo ni chache mno.